Dawa Unazotaka Kuziacha Hedaru

Namkunda mwanangu,

Umekwenda kusukwa kwa Mama Tumaini, na ninyi mkikaa kusukana mnasuka na maneno, kwa hiyo ninao muda wa kutosha. Mambo ya shuka, ndoo na nauli tumeyamaliza mchana, sitayarudia hapa. Wala sitakuambia usome. Mtoto aliyesoma kwa taa ya simu huku anachunga sufuria ya maziwa isifurike hahitaji kuambiwa asome.

Naandika kwa sababu ya jambo nililolisikia leo. Nikilisema kwa mdomo nitapandisha sauti, nawe utanijibu "Sawa, mama," ile sawa yako ya kunifunga mdomo.

Nilikuwa nyuma ya jiko nasuuza madumu. Wewe ulikuwa chumbani unaongea na binamu yako kwa simu, dirisha liko wazi. Ukamwambia, "Nikienda chuo Mwanza naziacha huku huku. Nani aanze kueleza? Chumba kimoja wanne, choo kimoja, halafu mimi nakojoa rangi ya chungwa kama nimemeza rangi ya nyumba." Mkacheka. Kisha ukasema, "Wakiona vile vidonge vyekundu watajua ni TB tu, au ule mwingine. Wiki ya kwanza nimeshapata jina. Nimeshapona, bwana, hata homa siisikii tena."

Sikuingia ndani. Niliendelea kusuuza dumu lile lile hadi mikono ikakunjamana ngozi. Maneno hayo, "nimeshapona, siisikii tena," niliwahi kuyasikia ndani ya nyumba hii hii, na aliyeyasema tulimpandisha mlimani kwenda kumzika.

Najua unajua baba yako alikufa kwa brusela, ugonjwa huu huu wako wa ng'ombe. Lakini ulikuwa mdogo, na watu wa mlimani walikujaza maneno yao, na mimi sijawahi kukaa nawe nikakueleza tangu mwanzo. Nilikuwa na hasira. Bado ninayo, lakini leo nataka iandike kwa adabu.

Niliposhuka kutoka kwetu mlimani nilikuwa na dumu moja la lita ishirini na kikombe cha robo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala shemeji aliyenipa mtaji. Baba yako naye alikuwa na vitu viwili, baiskeli na ulimi. Mimi nauza barabarani kwa wasafiri na wenye migahawa, yeye anateremka tambarare kabla jua halijachomoza, anazunguka kwenye maboma ya Wamaasai anakusanya. Kila nyumba alikuwa anamimina kidogo kwenye mfuniko, anaonja, anameza, anatazama juu. Halafu anasema, "Hapa pameingia maji ya kisima." Au anasema, "Huyu ng'ombe ana ndama mchanga." Hakuwa anakosea. Yeyo Nashipai, yule mama mwenye boma kubwa la mwisho, alikuwa anamcheka, "Elinami, wewe ulinyonya pamoja na ndama."

Mimi siamini ulimi, naamini namba. Nikanunua laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maziwa kikakuambia kama yametiwa maji. Nikampa aende nacho. Siku ya kwanza tu akakitumbukiza kwenye dumu la Yeyo Nashipai. Yule mama alikitazama kinaelea. Akalishika dumu lake, akalimwaga lote pale uwanjani, akawaita mbwa. Kisha akamwambia baba yako, "Kama mimi ni mwizi, acha mbwa wanywe."

Aliporudi nilimfokea. Nikamwambia heshima haijazi dumu. Akanijibu kwa upole wake ule ulionichosha, "Mama Namkunda, mtu anakupa maziwa ya kwanza ya asubuhi, kabla hajawapa watoto wake, wewe unamtilia kijiti kana kwamba unampima homa? Kule ukionja ndiyo umesema namwamini." Laktomita ikabaki nyumbani, mimi nayapima yakishafika, yeye anaonja yakiwa huko.

Nyumba tisa, kila asubuhi, miaka kumi na mmoja. Piga hesabu mwenyewe. Mimi nimeshaipiga na silipendi jibu lake.

Na dalili zilikuwepo. Alikuwa anarudi ananiambia, "Masikini Yeyo, ng'ombe wake wawili wametupa mimba mwezi huu." Anasikitika kweli kweli. Mimi nasema pole, natia maziwa ya ng'ombe wale wale kwenye dumu la kuuza. Sikuunganisha, wala yeye hakuunganisha.

Kisha ikaanza homa. Ilikuwa inakuja jioni, anatetemeka, usiku anatoka jasho shuka inakamulika, asubuhi yuko mzima ila mnyonge. Wiki mbili anaumwa, wiki tatu haumwi. Mgongo unamuuma, viungo vinamuuma, chakula hakitaki. Zahanati wakasema malaria na taifodi. Akameza dawa, ikatulia, ikarudi. Wakasema tena malaria na taifodi. Sijui niseme nini juu ya watu wale. Walikuwa wachache, foleni ndefu, na kila mwenye homa tambarare hii anapewa majina hayo mawili akaondoka nayo kama pacha. Sitaki kuwaonea. Lakini katika safari zote zile hakuna hata mmoja aliyemuuliza, "Mzee, unafanya kazi gani?"

Na mimi niliyekuwa namjua kazi yake nilisema nini? Unakumbuka, maana ulikuwepo, ulikuwa darasa la nne. Nilisema mbele ya wateja, "Homa ya mume wangu ina saa, inajua muda wa kupakia madumu." Wateja wakacheka. Na wewe ukacheka kwa sababu watu wazima walicheka. Baba yako alikuwa amekaa kwenye kigoda, akatabasamu, akanyanyuka akapakia. Sikulaumu wewe, mtoto hucheka na wanaocheka. Mimi nilikuwa natafuta wa kumlaumu kwa sababu mzigo wote ulikuwa umenielemea, na mgonjwa wa homa ya kuja na kuondoka hana damu ya kuonyesha wala kidonda. Ana uchovu tu, na uchovu wa mwanaume, mwanangu, kwetu una jina moja.

Upande wa kwao nako wakapata lao. Shangazi yako akasema nimemkausha kaka yake. Akaleta watu wa kumwombea, wakala, wakaomba, wakanitazama kwa jicho la pembeni, wakaondoka. Hawakuleta hata mkungu wa ndizi. Nayasema haya si kwa sababu nataka uyabebe, bali ujue kwamba jina baya nimelivaa kabla yako, na sikufa nalo.

Mwishowe nilimpeleka Same. Tukampata daktari msichana, mdogo hata nikatazama mlangoni kama daktari mwenyewe anakuja nyuma yake. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Shikamoo mzee. Unafanya kazi gani?" Baba yako akasema. Akauliza tena, "Maziwa unayaonja yakiwa mabichi?" Baba yako akajibu kwa fahari, "Daktari, huu ulimi ndio mtaji wangu." Yule binti aliweka kalamu chini.

Kipimo kilipotoka nilimwomba anieleze kama anavyomweleza muuza maziwa, siyo kama anavyomweleza mwanafunzi. Nayaandika aliyoniambia kwa sababu tangu siku ile sijayasahau, nami nataka na wewe uyashike.

Alisema mwili una askari wake. Mdudu akiingia, askari anammeza na kumyeyusha tumboni mwake. Wengi wanaishia hapo, mwenye mwili hata habari hana. "Lakini huyu wa brusela," akasema, "akimezwa hafi. Anakaa humo humo ndani ya askari. Anazaliana humo. Na askari anatembea naye mwili mzima, kwenye ini, kwenye bandama, kwenye uti wa mgongo."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mlinzi ndiye anayembeba mwizi?"

"Ndiye, mama."

"Na hajui?"

"Hajui."

Nikauliza kuhusu kinga, maana tulikuwa tunasikia mtu akiumwa mwili unatengeneza kinga. Akasema kinga zipo, damu ya baba yako imejaa kinga, na kile kipimo hakikumwona mdudu mwenyewe, kiliziona hizo kinga zilizotengenezwa kwa ajili yake. Mwili wake ulikuwa unamjua adui sawasawa. "Ila kinga hizo zinaogelea kwenye damu, nje," akasema. "Aliyejifungia ndani ya askari hazimfikii." Niliposikia hivyo, Namkunda, niliona uchungu ambao siwezi kuueleza. Mwili wa mume wangu ulikuwa unapigana usiku na mchana na silaha zimejaa mkononi, na mimi nauita mvivu.

Nikamuuliza mbona mafua yanaisha yenyewe. Akasema virusi vya mafua navyo vinaingia ndani ya chembe za mwili, lakini vinaingia kwa fujo, mwili unashtuka mapema, unaziua zile chembe zilizovamiwa pamoja na virusi vilivyomo, na baada ya wiki mtu anapenga kamasi za mwisho. Na dawa hizi za kuua bakteria hazivigusi virusi kabisa, ndiyo maana wanaokimbilia kumeza vidonge vya bakteria kwa ajili ya mafua wanajisumbua bure. Huyu wetu yeye ni bakteria, ila haingii kwa fujo. Anaingia kimya, mwili unachelewa kujua kwamba kuna mgeni. Homa inakuja wakati wanapotoka kwa wingi. Wakijificha, homa inaondoka. "Kwa hiyo homa ikiondoka," akasema, "usiseme amepona. Sema wamenyamaza."

Na zile homa zote tulizokuwa tunazituliza kwa vidonge vya maumivu, nikaona kumbe tulikuwa tunamkemea mbwa anayebweka, mwizi yuko ndani anakula.

Akampa dawa za aina mbili za kumeza wiki sita, hizi hizi zako, mojawapo vile vyekundu. Akasema lazima ziwe mbili, na lazima ziwe ndefu, kwa sababu zinatakiwa kumfuata mdudu mpaka alikojificha, na huko hafi siku moja.

Wiki ya tatu baba yako aliamka akaomba chai na chapati. Akaipiga pampu baiskeli. Akaniambia, "Nimeshapona, mke wangu, siisikii tena." Namkunda, hujui furaha niliyokuwa nayo. Nilifanya kama mtu aliyejijenga mwenyewe anavyofanya siku zote. Mimi situpi kitu. Sabuni ikibaki kipande naigandisha kwenye kipande kingine, mafuta yakibaki nayachuja. Nikavitazama vidonge vilivyobaki, nikaona mtu mzima anameza dawa bila ugonjwa ni kuharibu dawa. Nikamwambia, "Basi tuvitunze. Ukiumwa tena, vipo." Nikavifunga kwenye karatasi ya nailoni nikaviweka juu ya kabati, mahali pakavu. Naye aliniamini, kwa sababu nyumba hii mambo ya kuhesabu ni yangu.

Kubana matumizi kumenilisha maisha yangu yote, na siku ile kulimnyima mume wangu nusu ya dawa yake.

Ilirudi baada ya miezi. Safari hii hakutetemeka sana. Alikuwa anahema akipanda kitanda. Tulipofika Same, daktari yule yule alimsikiliza kifuani muda mrefu. Akasema wamefika kwenye mlango wa moyo, pale damu inapopitia, na wamejijenga pale. Tukapewa rufaa. Unajua yaliyofuata, ulishika koti lake siku tuliyomteremsha kwenye gari.

Yeyo Nashipai na wenzake walikuja msibani kwa miguu mpaka barabarani, kisha wakapanda lori hadi juu, wanawake wa tambarare ambao hawajawahi kuona ukungu ule wa mlimani. Walikaa na shuka zao wakitetemeka baridi, hawakuondoka mpaka kaburi likafukiwa. Na nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Wiki ile ya msiba watu wengine walinikusanyia maziwa kwenye zile nyumba tisa wakaniletea, nami nikayapima. Ndiyo, nilipima, mikono haikujua kufanya jambo lingine. Madumu yote tisa hayakuwa na tone la maji. Hata ya wale tuliokuwa tunawajua kwa mchezo huo.

Ndiyo maana nikaanza kuchemsha. Umekulia kwenye moshi wa maziwa yale. Wateja wakasema yaliyochemshwa hayana nguvu, wakaniita Mama Maji Moto, nusu wakahama. Mwenye mgahawa mmoja akaniambia, "Mama, unatuuzia maziwa au unatuuzia kuni?" Nikamjibu nakuuzia uhai wako, chukua au acha. Akaacha. Alirudi baada ya mvua mbili.

Sasa nifike kwako. Likizo hii nilipoona shuka yako imelowa asubuhi, sikuuliza kitu. Nililijua jasho lile. Tulipofika Same yule daktari, sasa ana mvi mbili tatu, alituuliza, "Nani anaonja?" Nikaanza kusema hakuna, kwetu hakuna anayeonja tena. Wewe ukatazama viatu vyako, ukasema, "Mimi."

Nikakuuliza njiani, ukanieleza. Nilikutuma kukusanya, ukafika kwa Yeyo Nashipai, mzee sasa, macho hayaoni vizuri. Akakumiminia kwenye mfuniko akasema, "Onja, binti ya Elinami. Baba yako alikuwa anatuonja." Ukaonja. Asubuhi iliyofuata akasema tena, na nyumba zote wakaanza kusema una ulimi wake.

Sikukukaripia siku ile, nawe ukashangaa. Mwanangu, najua ulichokuwa unakitafuta mle kwenye mfuniko. Hata mimi nimewahi kukitafuta, nikiwa peke yangu jikoni, nikaonja taratibu nikatazama juu kama yeye. Sikupata kitu. Ni maziwa tu. Kwa Yeyo nimekwenda mwenyewe, nikamweleza kwa nini wewe hutaonja tena. Akaniuliza, "Kwa hiyo Elinami aliuawa na heshima yangu?" Nikamwambia hapana. Nikamwambia aliuawa na mdudu asiyekujua wewe wala yeye. Akalia, nami nikalia. Sasa watoto wake wanakunywa yaliyochemka.

Unaona aibu, najua. Binti mgeni, chumba cha watu wanne, anameza vidonge kila siku, na vyekundu juu. Sitakuambia aibu ni kitu kidogo. Aibu iliniuma zaidi ya njaa, na njaa naijua. Lakini ugonjwa huu hauruki kitanda kwenda kitanda, wala kikombe kwenda kikombe. Hutamdhuru mwenzako hata mmoja. Wakikuuliza, waambie unatibiwa ugonjwa wa ng'ombe. Watacheka. Acha wacheke, anayecheka kwa sauti hana nafasi ya kunong'ona. Watakutania wiki nzima, watakuita ndama. Kisha mtihani utakuja, wataanza kuomba daftari zako.

Umemeza wiki mbili. Homa imenyamaza. Zimebaki nne, na hao walionyamaza nawaogopa zaidi kuliko waliokuwa wanapiga kelele. Nimemuuliza daktari kama kuna njia nyingine, nilimpigia leo jioni. Akasema ipo ya sindano, lakini nayo unameza vidonge vile vile, ila si vyekundu, na itabidi uchomwe kila siku huko Same siku za mwanzo, yeye mwenyewe akikuangalia. Maana yake chuo kitafunguliwa wewe ukiwa hapa, na nafasi hiyo huenda wakampa mwingine. Nafasi hiyo unajua nimeitafuta kwa miguu gani, ofisi ngapi nimekaa benchi nikiambiwa rudi kesho. Hakuna mtu Hedaru anayeitaka kuliko mimi.

Kwa hiyo nisikilize. Begi lako sijalifungua na sitalifungua. Kesho alfajiri kabla konda hajapakia mizigo nitakuuliza swali moja tu, nalo ni kama dawa zipo ndani na kama utazimaliza. Ukisema ndiyo, nitakuamini, nitakupungia mkono mpaka taa za nyuma zipotelee upande wa Same. Ukisema hapana, sitagomba, wala sitakuaibisha mbele ya abiria. Nitachukua begi upande mmoja wewe upande mwingine, tutarudi nyumbani, basi liende.

Mama yako.